Mwaka wa Tokyo

Jumapili moja nilikuwa nimekaa mlangoni nikishona bukta ya mume wangu, Malando, iliyochanika mazoezini. Mwaka mmoja kabla tulikuwa tumetoka Didia, kwetu Shinyanga, tukavuka Ziwa Tanganyika hadi mji mdogo wa Kongo wenye kiwanda cha kuchambua pamba. Malando alikuwa karani wa mizani. Lakini ungemuuliza yeye ni nani, angekwambia ni mkimbiaji.

Ulikuwa mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki ya Tokyo, na kiwandani hapakuwa na habari nyingine. Kila alfajiri Malando alikimbia hadi mtoni na kurudi, huku Anselmi, refa wa timu ya kiwanda, akimpimia muda kwa saa yake ya mkononi. Kisha wote wawili walikunywa uji kwangu.

"Mwaka huu nimechelewa," Malando aliniambia siku hiyo. "Miaka minne ijayo utanisikia redioni."

"Kula kwanza," nikamjibu. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, na nilikuwa nimechoka kusikia habari za Tokyo.

Wapiganaji walioasi serikali walipoingia mjini, askari wa serikali walikuwa wameshakimbia. Wiki ya kwanza wageni hao walinunua mihogo sokoni na kuwaamkia wazee. Wiki ya pili wakaanza kutafuta watu waliosoma: makarani, walimu, kila aliyeshika kalamu kwa serikali au kwa Wazungu.

Walimchukua Malando kwenye mizani, mchana.

Siku ya tatu ngoma zilipigwa na watu wote tukaamriwa kwenda kwenye kiwanja cha mpira. Watu tisa walikuwa wamekaa chini mbele ya goli. Malando alikuwa wa mwisho, miguu mitupu.

Mkuu wa wapiganaji alikuwa na sauti nzuri, kama ya mwalimu wa kwaya.

"Leo kuna michezo," alisema. "Atakayefika goli la pili bila kukamatwa na vijana wangu, amesamehewa. Na nyinyi mpige makofi. Asiyepiga, ataungana nao."

Vijana wake walikuwa na mapanga.

Filimbi ilipulizwa na Anselmi. Labda alilazimishwa. Lakini aliipuliza kwa madaha, mkono juu, kama siku ya fainali.

Wanne wa kwanza hawakufika katikati ya uwanja.

Tulipiga makofi. Mwanzoni kwa hofu. Kisha nikasikia nyuma yangu watu wanabishana nani atafika mbali zaidi. Mwanamke niliyekuwa nikiteka naye maji alicheka mwalimu mmoja alipojikwaa. Alicheka kabisa, akashika tumbo.

Zamu ya Malando ikafika.

Aliwaacha mbali. Akagusa mlingoti wa goli, akageuka, akanitafuta kwa macho. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Nami nilikuwa nimesimama, nikipiga makofi hadi viganja vikauma, kwa sababu mume wangu alikuwa amepona.

"Huyu anajua," alisema mkuu. "Arudie."

Alirudia. Akafika.

"Arudie."

Mara ya tano alikuwa anatembea.

Sikuacha kupiga makofi. Hilo ndilo ninalolijua kuhusu nafsi yangu, na miaka sitini haijanisaidia kulimeza. Nilimtazama akianguka, mikono yangu ikiendelea. Maiti hatukuruhusiwa kuzigusa. Mbwa walizigusa.

Baada ya wiki kadhaa nilipata mtumbwi, nikafika Kigoma. Karibu na kituo cha treni watu walikuwa wamezunguka redio, wanarukaruka na kukumbatiana. Mwafrika alikuwa ameshinda mbio ndefu Tokyo. Kijana mmoja alinishika mkono akiniambia, "Dada, tumeshinda!" Nilitapika pale pale. Walidhani ni mimba.

Sasa naishi Kalangalala, mjini Geita, kwa binti yangu aliyezaliwa mwaka uliofuata. Wajukuu wanapenda mbio kwenye televisheni. Wananiona nikiondoka sebuleni, wanasema bibi hapendi kelele. Siwaambii kwamba wanaokimbia hawanisumbui. Ninaowachukia ni wale wa majukwaani, wenye vinywa wazi. Kabla sijatoka huwatazama uso mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja namwona angeweza kucheka.

Mwaka ule, nilipofika Didia kutoka Kigoma, mama mkwe alinipokea uani. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko wapi?"

Nilimwambia homa imemchukua. Siku tatu tu, bila maumivu makali.

Alikaa chini.

"Nani alimzika?"

"Mimi, mayu. Mimi na majirani. Walikuja wengi sana."

Alinishika mikono yote miwili, akajifunika nayo uso, akalia ndani yake.

"Mungu akubariki kwa mikono hii," alisema.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mgeni alimsimulia jinsi nilivyomzika mwanawe. Nami nilikuwa nikikaa pembeni, nikisikiliza, bila kumsahihisha.