Kulaza Pikapu ya Mama Ambwene

Yunis wa Ikolo, kule Kyela, ambaye wengi walimwita Mama Ambwene, hakumwamini mtu, na tafadhali usimlaumu. Mjane anayenunua mpunga kwa wakulima wa Mwaya na kuuza mchele mpaka ng'ambo ya mpaka, Malawi, akianza kuamini watu atakula nini? Gunia la mtu halinunui mpaka amezamisha mkono hadi begani, maana amekwisha kukuta humo mawe, pumba, na siku moja tofali zima. Kwa mkono huohuo alimsomesha mwanawe Ambwene, akanunua pikapu, akajifunza kuiendesha mwenyewe huku wanaume wakimcheka kijiji kizima. Waliacha kucheka walipoanza kumwomba lifti.

Basi Jumamosi hiyo alikaa kwenye kigoda mbele ya banda la gari, mguu wake wa kulia umefungwa bandeji na kulazwa juu ya gunia, macho hayabanduki kwa fundi Eliya. Kidonda cha mguuni kilikuwa kimegoma kupona kwa sababu ya sukari, na Jumatatu alitakiwa hospitali huko Mbeya. Ambwene, anayeishi hukohuko Mbeya, alikuwa amekuja kumchukua.

"Miezi mitatu tu, juba," alimwambia, akimwita mama kwa Kinyakyusa kama alivyofanya kila alipotaka kitu. "Unatibiwa, unapumzika kwangu, unarudi. Na gari tunalilaza vizuri lisiharibike."

Tunalilaza! Neno hilo lilimkwama Yunis kooni. Gari ndilo jembe lake. Bila gari angebaki bibi wa kukaa sebuleni kwa mkwewe, akiulizwa kama ameshakula. Na huyu Ambwene, tangu jana, kila simu yake ikiita anatoka kwenda kuongelea migombani. Mtu asiye na jambo anaongelea simu migombani? Yunis aliona wazi kwamba mnunuzi wa gari ameshapatikana.

Eliya alifungua mfuniko wa tangi, akaingiza mpira, akavuta kwa mdomo, akatema. Petroli ikaanza kushuka kwenye dumu.

"We Eliya! Unafanya nini?"

"Natoa mafuta, mama."

"Yaende wapi?"

"Kwenye dumu, mama. Si unaliona?"

"Dumu naliona. Nauliza yakitoka kwenye dumu yanakwenda kwenye bodaboda ya nani."

Eliya akacheka, akaapa kwa jina la Mungu. Yunis hakucheka. Alimwamuru asogeze dumu mpaka karibu na kigoda, akaliwekea fimbo yake ubavuni.

Halafu sauti yake ikawa tamu ghafla, ile sauti anayowatolea wauza mpunga kabla hajawaumbua. "Eliya, baba. Nilipovuka mpaka kwenda Karonga kumuuguza dada yangu, si wewe uliyenilazia gari hili? Hukutoa hata tone. Ulisema nijaze tangi mpaka juu, eti likiwa na nafasi, unyevu wa Kyela hii unaingia na kuleta kutu. Ukatia na dawa ya kuzuia petroli isichache. Leo unyevu umehama?"

Eliya ni fundi mzuri, lakini mdomo wake hauna breki.

"Aa, mama, ile ilikuwa miezi michache! Ya miezi unajaza, unatia dawa, basi. Hii ya miaka dawa haifui dafu. Petroli inageuka gundi, inaziba mabomba na kabureta. Lazima nikaushe tangi, kisha niwashe injini inywe yaliyobaki mpaka izime yenyewe."

"Ya miaka," alisema Yunis.

Eliya akajua ameharibu. Akaanza kuufutafuta mpira kwa kitambaa, wala haukuwa mchafu.

"Ambwene! Njoo hapa!"

Ambwene alikuja mbio akidhani mama ameanguka.

"Gari langu umemuuzia nani?"

"Sijamuuzia mtu, juba."

"Acha kuniita juba! Kwangu miezi mitatu, kwa fundi miaka. Unanizika na roho yangu? Nimezamisha mkono kwenye magunia ya matapeli wa wilaya nzima ili wewe ule, kumbe tapeli nilimlaza kitandani kwangu nikimnyonyesha!"

 Ambwene alichuchumaa mbele ya kigoda, mwanaume mzima, shati jeupe la mjini likigusa vumbi.

"Siyo gari, mama. Ni mguu. Daktari alinipigia jana. Jumatatu hawafungi kidonda, wanaukata." Akagusa goti lake mwenyewe. "Hapa. Niliogopa kukwambia. Ungevuka mpaka ukajificha kwa dada zako, wakakubandika majani mpaka ukafa."

Yunis hakubisha, maana ilikuwa kweli. Angevuka jioni ileile. Alivitazama vidole vyake vilivyochungulia nje ya bandeji, vyeusi kidogo, vimenyamaza, haviumi hata akivibana. Tangu lini haviumi?  Alitaka kumzaba kofi huyu mtoto, na alitaka kumshika kichwa, kwa sababu alikuwa analia.

"Eliya," alisema baadaye. "Mtu wa mguu mmoja anaendesha hii?"

Eliya alizitazama pedali tatu kupitia mlango uliokuwa wazi. "Hapana, mama," alisema.

"Haya. Rudisha mafuta."

"Mama, nimeshatoa zaidi ya nusu..."

"Rudisha yote! Utakuja kuyatoa kesho jioni."

Ambwene akainua uso. "Unataka kwenda wapi?"

Yunis alikuwa ameshasimama, ameegemea fimbo, anachechemea kuelekea mlango wa dereva.

"Matema, ziwani, na kurudi," alisema, akamnyooshea mkono. "Lete ufunguo. Mpaka Jumatatu mguu ni wangu."