Filamu Aliyoiitikia Amen

Kwa miaka minne mume wa Alphonsine hakuwa hai wala maiti. Hivyo ndivyo watu wa Bunia walivyomweka, na yeye Alphonsine, muuza maharagwe na unga wa muhogo sokoni, hakuulizwa.

Jérôme aliendesha Fuso la mizigo kati ya Bunia na Komanda. Jumanne moja gari lilikutwa limeteketea kando ya barabara, mizigo majivu, dereva hayupo. Abiria mmoja aliyewaponyoka watekaji baada ya siku tano porini alikuja hadi Ngezi, mtaa wa Alphonsine, akakaa kwenye kigoda cha Alphonsine, akamweleza bila kuzunguka: Jérôme alitolewa kwenye mstari wa mateka siku ya kwanza, akapelekwa nyuma ya miti, na waliompeleka walirudi bila yeye. Alphonsine alimwamini.

Ukoo wa mume ukasema bila mwili hakuna matanga. Mama yake Jérôme, bibi Elisabeth, aliyeishi nyumba moja na mkwewe, hakutaka hata neno marehemu litamkwe chini ya paa lile. Mji nao ukapata kazi ya kufanya. Maneno yakazuka kwamba Jérôme amejificha Komanda kwa mwanamke na kwamba amezaa mapacha. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kusingiziwa.

Ndipo akatokea Guelord. Alikuwa kijana wa Bunia aliyesomea filamu Kinshasa, mpole, mwenye adabu, wala sitasema alikuwa mwizi, ingawa ingekuwa rahisi zaidi kwangu kusimulia kama angekuwa mwizi. Alimsikiliza Alphonsine saa tatu nzima, akatokwa na machozi.

"Maman, nitafanya filamu ya dakika makumi mbili," alisema. "Watu watajua ukweli. Sina mufadhili, tutachanga kwa telefone, siye ya hapa na wale ya Bulaya. Kila mutu mwenye atachanga, jina yake itapita mwisho ya filamu."

"Majina itasomwa?"

"Itapita mbele ya watu wote, maman."

Hapo Alphonsine alikata shauri. Kwenye matanga kuna daftari, na siku ya kumaliza kilio daftari linasomwa kwa sauti, fulani katoa hiki, fulani kile, ili ijulikane nani alisimama na wafiwa. Mtu hasomwi jina kwenye kilio cha uongo. Guelord alisema filamu, Alphonsine akasikia matanga. Kama ukoo ulikataa kumlilia Jérôme, basi ataliliwa kwa filamu.

Akatoa pesa alizokuwa akiwekea mabati ya jikoni. Akampa Guelord koti la Jérôme la ngozi, lenye kiraka kwenye kiwiko, ili mwigizaji alivae. Kisha akaanza kuwaendea wenzake sokoni, meza kwa meza, kuanzia kwa Fifi muuza samaki wa chumvi, rafiki yake wa miaka yote. Akina mama walichanga kama watu wanaokwenda msibani: huyu franga, yule vikombe vya mchele, mwingine kuni. Guelord alicheka alipoona kuni, lakini wapiga picha wake walikula ule mchele wiki mbili.

Filamu ilikuwa itoke Pasaka. Pasaka ikaja ikapita. Guelord alikuwa amefungua kundi la WhatsApp aliloliita Famille ya Cinéma, na humo akawa anatuma sauti zake: jenereta imekufa, kompyuta haina nguvu, montaji, yaani kuunganisha picha, imeanza, montaji imesimama. Mwezi wa nane akasema filamu imekwisha, ila inatakiwa kuonyeshwa kwanza Ulaya kwenye festivali, yaani matamasha ya filamu, na festivali hazitaki filamu iliyokwisha kuonwa na watu wengine.

"Watu wengine njo nani?" Fifi aliuliza kwenye kundi. "Si njo siye wenye tulitoa makuta, pesa yetu?"

Kesho yake kundi likafungwa, ikawa viongozi peke yao ndio wanaoweza kuandika.

Aliyebaki mbele ya macho ya watu ni Alphonsine. Guelord alikuwa sauti ndani ya simu. Yeye alikuwa na meza sokoni, anaonekana kutwa, na wote walimwita kwa jina la mwanawe. "Mama Yves, filamu iko wapi?" Mwenye kununua glasi moja ya maharagwe aliuliza, asiyenunua pia aliuliza. Mmoja alimwambia wazi kwamba wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwamba aliyeshika gunia ni yeye. Alphonsine alijiambia kwamba matanga hayana haraka, aliyengoja miaka minne hashindwi na miezi. Lakini usiku hakulala vizuri, na alianza kupita njia ya nyuma kwenda sokoni.

Mwaka na nusu tangu michango ianze, habari ya kuonyeshwa filamu ikaja kweli. Jumapili, saa tisa alasiri, ukumbi wa parokia. Alphonsine alisahau uchungu wote. Akina mama wakashonesha kitenge cha namna moja, cheusi chenye maua meupe, kama wafanyavyo kwenye kilio cha mtu mwenye heshima. Bibi Elisabeth hakuambiwa kitenge ni cha nini. Aliambiwa tu kuna senema ya Jérôme, akaoga mapema, akavaa viatu. Alphonsine alikuwa na hesabu yake: mama akikaa katikati ya wanawake wanaolia, naye atalia, na akilia mbele ya watu itakuwa imekwisha.

Madirisha yalifunikwa mablanketi. Filamu ikaanza, na kusema haki ilikuwa nzuri. Barabara ilikuwa barabara yenyewe, Fuso lilikuwa Fuso. Mwigizaji alipopanda akiwa amevaa lile koti, bibi Elisabeth, ambaye macho yake yana ukungu wa uzee, alishika mkono wa mkwewe na kusema, "Mungu wangu, njo yeye." Gari likasimamishwa. Gari likaungua. Fifi alikuwa tayari ameanza kulia, na akina mama nyuma yake wakapokea.

Kisha picha ikabadilika. Mlango wa bluu ukafunguliwa, na mwanamume mwenye koti la ngozi akaingia, akaketi, akaletewa ugali na mwanamke kijana aliyejifunga kitambaa chekundu. Alikula polepole, akatazama barabara kupitia dirisha. Chini paliandikwa: Komanda, miaka mitatu baadaye. Ikawa giza, muziki ukapigwa, majina yakaanza kupanda. La kwanza kabisa, kubwa kuliko yote, lilikuwa Maman Alphonsine.

Mtu wa nyuma akacheka kidogo, na mwanamke mmoja asiye wa kitenge akamwinamia Alphonsine na kumwambia kwa huruma, "Pole, mama Yves. Angalau leo umesema weye mwenyewe iko Komanda."

Alphonsine alimkuta Guelord karibu na mlango, anapigwa picha.

"Ni nini ile umefanya?"

"Maman, ni fiction, hadithi ya kutunga," alisema Guelord. "Wale wa Bulaya wenye walimalizia makuta ya montaji walisema mwisho ya kwanza ilikuwa inafunga hadithi. Walitaka mwisho yenye kuacha mutu na maulizo. Na niliuliza kundi mbele ya kufanya! Njo weye ulikuwa wa kwanza kuitika."

"Miye?"

Guelord akatoa simu. Ujumbe ulikuwepo, wa Kifaransa, mrefu kama barua ya gavana, wa kabla kundi halijafungwa. Fifi, aliyefika darasa la sita la sekondari, aliusoma na kuutafsiri kwa sauti inayozidi kushuka: wachangiaji wapendwa, tunawaomba maoni yenu, je mnakubali kwamba mwishoni mume aonekane hai, Komanda, kwa mwanamke mwingine? Chini yake palikuwa na Amen. Amen sitini na tatu, na vipicha vya mikono iliyokutanishwa kuomba. Ya kwanza ilikuwa ya Alphonsine, ya pili ya Fifi. Nani Bunia anasoma ujumbe mrefu wa kundi? Ukiwa mrefu ni sala au ni tangazo la msiba, na vyote viwili vinaitikiwa Amen.

"Toa jina yangu," Alphonsine alisema.

"Maman, haiwezekane tena. Filamu imekwisha kutumwa nchi saba."

Aliporudi nyumbani alimkuta bibi Elisabeth anakunja nguo zake kwenye mfuko. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo Alphonsine hakuwa ameliona tangu ile Jumanne.

"Itia mutu ya pikipiki. Naenda Komanda."

"Mama, ile ni mchezo. Yule mwanaume ni mwalimu wa masomo, iko anakaa hapa Ngezi. Jérôme alikufa, mama. Alikufa siku ya kwanza." Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema neno hilo ndani ya nyumba.

"Jina yako iko pale mbele ya yote, wamenisomea," alisema bikizee bila hasira. "Mutu hatie jina yake kwa uongo. Ulitoa makuta yako ili watu waone iko muzima, na sasa unaniambia alikufa. Ulinificha kwa nini, mutoto yangu?"

Alphonsine alimshika mkono, akampitisha barabara mbili tu nyuma ya nyumba yao, hadi kwenye mlango ule wa bluu wa kwenye filamu. Mwenye nyumba aliwapokea vizuri. Ndiyo, alisema, walipiga filamu hapa, siku mbili, kiti alichokalia ni hiki, na ugali ulipikwa kwenye jiko lile pale. Alphonsine akamgeukia mama mkwe wake, akangoja aelewe.

Bibi Elisabeth alikigusa kiti. Alipapasa meza, akaenda dirishani, akarudi.

"Kumbe alikuwa karibu vile," alisema. "Sasa mulimupeleka wapi?"

Akaingia ndani bila kukaribishwa. Alphonsine aliketi kwenye kizingiti na kile kitenge chake kipya, akamlilia mumewe peke yake kwa sauti kubwa, huku ndani mama mkwe akiita Jérôme, Jérôme, chumba hadi chumba.