Funza Niliyemtafuta Mwenyewe

Hadi leo nikinusa petroli ya taa, mguu wangu wa kushoto unajikunja wenyewe. Wajukuu wangu hucheka, wanadhani ni uzee. Acha wacheke. Wao sijawahi kuwaambia, ila ninyi nitawaambia.

Bibi yangu, mama yake baba, alifundisha kwenye foyer ya hapa Gisenyi, nyumba ambako akina mama walikuja kujifunza kushona, kuosha watoto wachanga na kupika uji wa mtoto aliyedhoofika. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Mtaa mzima ulimwita Monitrisi, yaani mwalimu wa kike. Mimi nilimwita Bibi, na nilijua jina hilo ni langu peke yangu, kwa sababu alimzaa baba tu, na baba alinizaa mimi tu.

Kila Alhamisi alinipandisha juu ya meza mbele ya akina mama wale. Nilikuwa na miaka saba. Alinikunja sikio, akaonyesha nyuma yake. Alininyoosha vidole, akaonyesha kucha. Mwisho alinivua viatu na kutenganisha vidole vya miguu kimoja kimoja. "Muangalie," alisema. "Hapa hakuna dawa ya muzungu. Ni maji na sabuni tu." Akina mama waliguna kwa kupendezwa, na mimi niliinua kidevu nikijiona bibi harusi. Wiki nzima niliishi nikiingojea meza ile.

Ndipo akaja Veneranda.

Baba yake alikuwa mvuvi wa Rubona, mama yake alikuwa amefariki. Bibi alimkuta katika ziara zake za nyumba kwa nyumba, mtoto wa rika langu, miguu imeliwa na funza hata anatembea kwa visigino. Akamwomba baba yake ruhusa ya kumchukua akae kwetu mpaka apone.

Nilimhurumia, wallahi. Nilimhurumia siku moja nzima. Kesho yake asubuhi Bibi aliketi mkekani uani, akapakata mguu wa yule mtoto, akashika pini, akaanza kumtoa funza mmoja mmoja, polepole, huku akimwimbia. Wimbo ule mimi sikuwahi kuimbiwa. Kila funza alipotoka, Bibi alipaka petroli, kisha akapuliza. Alipuliza! Mguu wa mtoto wa watu! Nami nimesimama mlangoni na miguu yangu safi isiyo na kazi.

"Bibi, nasikia njaa."

"Chakula iko kwa sufuria, mama. Jipakulie."

Nilijipakulia, kisha nikakirudisha sufuriani. Na hayo yalikuwa bado madogo. Alhamisi iliyofuata nilinyoosha mikono nipandishwe, kama kawaida, na Bibi akanipita akambeba Veneranda. "Huyu munamukumbuka namna alikuja?" aliwauliza akina mama. "Sasa muangalie." Walipiga makofi. Mimi hawakuwahi kunipigia makofi. Nilikaa kwenye benchi, midomo nimeibetua, na ningeweza ningemsukuma aanguke na meza yake.

Mtoto mwenye wivu ana akili zake. Nilipiga hesabu hivi: anayependwa ni mwenye funza. Basi nitafute funza. Nyuma ya nyumba ya jirani kulikuwa na banda la mbuzi, na vumbi lake jeusi tulikatazwa kulikanyaga. Nilivua viatu, nikafukia vidole vyote kumi, nikakaa kimya kama kuku anayelalia mayai. Nilirudi siku tatu mfululizo. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilipoanza kuwasha, nilifurahi hata nikaogopa kujikuna nisije nikamwua. Sikumwambia mtu. Nilitaka akue kwanza, awe mkubwa wa kuimbiwa wimbo mzima.

Tatizo ni kwamba alikua haraka kuliko nilivyopanga. Alhamisi moja Madamu wa Kibelgiji, mkubwa wa foyer, alikuja kukagua kazi, na Bibi, aliyevaa kitenge chake kipya, alitushika mikono sote wawili. "Leo wote," alisema. "Lakini Zena wangu kwanza." Wangu! Mbele ya watu! Nilipanda mezani mbio, nikasahau kabisa nilichobeba. Veneranda alisimama chini akishika beseni. Masikio, safi. Kucha, safi. Bibi alivua kiatu cha kushoto.

"Yebaba we!" akasema mama mmoja wa benchi la mbele. "Imvunja! Funza kwa mutoto wa Monitrisi!"

Kicheko kilipita benchi hadi benchi. Siku zote Bibi aliwaambia akina mama kwamba nyumba inayofagiliwa haina funza. Nilijifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilimsikia Bibi akiomba pini. "Mumeona?" alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kufundisha. "Hata kwangu iko. Basi asikuwe mutu wa kuficha muguu ya mutoto wake tena." Akanitoa funza wangu pale pale. Hakuimba. Alipaka petroli, ikaniunguza, na hakupuliza.

Hakuniuliza kitu, nami sikukiri. Alhamisi zilizofuata akina mama walikuja na watoto waliokuwa wakiwaficha, foleni ikafika barabarani, na Bibi akazidi kuwa wa watu wote. Mimi nilihesabu kwamba nimepoteza. Niliubeba uchungu huo miaka yote, Bibi akizeeka, serikali zikibadilika, watu wakikimbia na kurudi, naye akizunguka Nengo hadi Nyakiriba kutazama watoto wa wenzake hata magoti yalipomkatalia. Alikaribia miaka mia.

Siku ya matanga yake wanawake walijaa uani, kila mmoja akilia "Bibi yangu", na mimi mwenye mvi nikikereka. Veneranda alitoka Rubona akakaa karibu yangu.

"Zena," akasema, "unajua mi nilikuwa nakuchukia?"

"We? Juu ya nini?"

"Mi, Bibi alinitoa funza kwa vidole yote, yeye hakulia hata mara moja. Ya kwako ilikuwa moja. We ulijifunika macho, wale wamama walikuwa nyuma yake. Mi ndiye nilishika beseni. Machozi yake yalikuwa yanaanguka mule ndani."

Alijifuta pua kwa ncha ya kitenge. Alikuwa mzee kama mimi, na nikaona kwamba alikuwa ameumia kama mimi, katika nyumba ileile, kwa Bibi yuleyule. Nilipaswa kumpa pole. Mungu anisamehe, nilifurahi, nilifurahi mno, hata nikainamisha kichwa ili watu wadhani ninalia.