Kigari chenye Usukani wa Bomba

Siku hizi mtoto akienda kununuliwa skuta anaulizwa anapenda rangi gani. Wajukuu wangu waliulizwa hivyo, nami nikasimama mle dukani na hasira zangu, maana skuta yangu ya kwanza ilimvunja baba yangu mkono. Mtu akiniambia niyaache mambo ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa mkoloni, yaende, namwambia ayabebe yeye kwanza.

Tulikuwa tumehamishiwa kijijini, juu ya Karurumo, baada ya nyumba zetu kuchomwa. Kijiji kilizungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, uliolindwa na homugadi, wenzetu waliobeba bunduki za serikali. Juma lile walikuwa wamelaza maiti za wanaume wawili karibu na mlango huo, waliouawa msituni, na sisi watoto tukapitishwa hapo ili tuone. Mmoja hakuwa na mikono. Baba alikuwa seremala. Nadhani aliona nimeacha kucheza, kwa sababu siku iliyofuata alianza kunitengenezea kigari cha kusukuma kwa mguu. Nilikuwa na miaka kama mitano.

Alitengeneza viwili, nichague. Cha kwanza kilikuwa na magurudumu matatu ya mti wa muringa na usukani wa mti huo huo, kizito, kimetulia kama kigoda. Cha pili kilikuwa chembamba, magurudumu mawili tu, na usukani wake ulikuwa kipande cha bomba la maji.

"Mpe hicho cha matatu," mama alisema. "Huyu bado mdogo, ataanguka."

Baba aliweka nyundo chini. Alinitazama mimi. "Mama, wewe unataka kipi?"

Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake, na mtu hamchagulii mama yake. Nikashika bomba. Lilikuwa baridi, linang'aa, na hakuna mtoto mwingine kijijini aliyekuwa na kitu cha chuma. Mama aliguna tu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema guu la nani.

Baba akazungushia bomba vipande vya mpira wa baiskeli ili mikono yangu isiteleze, akatafuta na komeo la mlango la kulifungia. Aliviacha vyote juu ya meza yake ya kazi pale uani, kigari kikiwa chini, amalizie kesho yake.

Asubuhi homugadi waliingia kupekua. Bunduki za wapiganaji wa msituni zilitengenezwa kwa vitu hivyo hivyo: bomba la maji, komeo la mlango, na mpira wa kuvuta komeo. Kila mtu mzima alijua. Baba naye alijua, na hadi leo sielewi alisahauje. Labda mtu akimtengenezea mtoto wake kitu, anamwona mtoto tu.

Walimtoa nje kwa vitako vya bunduki. Walimpiga mgongoni, wakampiga mdomoni, na alipoanguka walimpiga mateke hadi akajikunja. Mama alizuiliwa mlangoni na fimbo shingoni. Aliyepatikana na bunduki alinyongwa, hilo hata mimi nilikuwa nimelisikia.

"Si bunduki, bwana," baba alisema, akitema damu. "Ni ngari ya mtoto."

Afisa wao alikuwa mzungu kijana mwenye kaptura. Alisema mtoto aletwe, aulizwe kwa Kiswahili ili yeye afisa asikie kwa masikio yake, na baba akifungua mdomo apigwe.

Sasa, Kiswahili chote nilichokuwa nacho kilikuwa neno moja. Nyumbani tulisema Kiembu. Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki, na mama alikuwa amenifundisha, kama mama wote wa kijiji walivyowafundisha watoto wao, kwamba ukisemeshwa nacho ujibu "sijui", basi.

Mkuu wa homugadi alichuchumaa mbele yangu. Mlango wa nyumba yake aliutengeneza baba. "Hii ngari ni yako?"

"Sijui."

"Baba yako alikuwa natengeneza hii bomba ya nini?"

"Sijui," nikasema, kwa sauti nzuri, nikitegemea kusifiwa.

Afisa aliitikia kwa kichwa. Waliulaza mkono wa kulia wa baba juu ya meza yake, mmoja akaukalia, mwingine akachukua bomba langu na kuupiga. Alipiga mara tatu. Nilisikia mifupa ikivunjika. Baba alilia, na katika kulia huko akasema kwa Kiembu, "Mama, waambie ni yako."

Hapo ndipo nilipojua walichokuwa wakiuliza. Nikapiga kelele kwa lugha yetu kwamba ni changu, ni mimi niliyekichagua, yeye hakutaka. Mkuu akatafsiri. Afisa akasema kama ni kweli, basi niendeshe.

Walichomeka bomba mahali pake, wakalifunga na komeo. Liliingia sawasawa, baba alikuwa fundi. Kwa sababu liliingia hawakumnyonga, ingawa mkono ule haukushika randa tena. Kila mtu wa nyumbani alinisamehe, na baba hata hakukubali kwamba kulikuwa na la kusamehe. Lakini walinisamehe ile "sijui". Lingine sikuwaambia.

Mpira ulikuwa umelowa damu yake, na mikono yangu ikateleza. Nilisukuma kwa mguu. Ardhi pale iliteremka, kigari kikashika mwendo, magurudumu yakalia, homugadi wakapiga makofi. Nyuma yangu baba alikuwa amelala katika maranda, ameukumbatia mkono wake, akinitazama. Na mimi, kwa hatua kama kumi hivi, nilikuwa nacheka kwa furaha.