Vifo Arobaini vya Dereva

Hospitali nzima ilimwita Dereva, ingawa hakuwahi kushika usukani wa gari lolote. Alichoendesha kwa miaka ishirini na miwili kilikuwa kitanda cha magurudumu manne: kutoka mapokezi hadi wodini, kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji, na mara nyingine kutoka wodini hadi lile jengo dogo la nyuma lenye mlango wa chuma. Katika safari hiyo ya mwisho hakuna aliyemtania. Katika safari nyingine zote alitaniwa.

"Dereva, leo umepakia wangapi?" wauguzi walizoea kumuuliza.

"Mmoja mmoja, dada. Mimi si basi."

Madaktari walikuja na kuondoka, rangi za kuta zilibadilishwa mara tatu, yeye akabaki. Kila mwaka hospitali ilitoa taarifa yake, na humo vitanda vilihesabiwa hadi cha mwisho. Watu waliovisukuma hawakuhesabiwa. Wangehesabiwa vipi, na mgonjwa aliyelala chali haoni anayemsukuma? Huona dari tu ikipita.

Wachache sana pale walijua kwamba kabla ya kazi hiyo Dereva alikwisha kufa mara arobaini.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mfagizi wa ofisi moja ya vyumba viwili ambamo vijana watatu walikuwa wakitengeneza gemu ya kompyuta. Ilikuwa gemu ya kupiga risasi, ya aina ile ambayo mchezaji hajioni: anaona mikono yake miwili na bunduki, na dunia inamjia usoni. Lakini dunia yenyewe haikufanana na hii yetu. Kila kitu kilichorwa kwa wino mweusi juu ya weupe, mistari minene kama ya mkaa, na maadui walikuwa askari wa karatasi waliojikunja wakipigwa. Kilichokosekana ni sauti zao za kufa. Wale vijana walijaribu wenyewe wakaishia kucheka. Ndipo mfagizi akapita na ndoo yake.

"Hebu wewe mwenye kifua," mmoja akamwita, "tufie kidogo."

Wakamwingiza stoo, katikati ya fagio na friji, kipaza sauti kikiwa kimefungwa kwenye mpini wa ufagio. Akafa kwa risasi, akafa kwa moto, akafa kwa kuanguka kutoka juu ya ngazi. Arobaini nzima. Alitoka sauti ikiwa imekauka na furaha imemjaa, kwa sababu hakuna siku nyingine wasomi wale watatu waliyowahi kumpigia makofi. Na jambo hili inafaa lieleweke mapema: siku ile, katika maisha yake yote, alikuwa hajawahi kuona mtu akifa.

Gemu ilipendwa sana, kisha ikazeeka. Vijana wale wakatawanyika. Mfagizi akapata kazi hospitalini.

Jumatatu moja asubuhi binti wa dada yake alimjia nyumbani. Dereva hakuwa na mtoto, na huyu alimbeba mabegani tangu hajaota meno. Sasa alikuwa fundi sauti, mwenye hedifoni shingoni wakati wote kama mkufu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Umekonda hivyo kwa nini? Kompyuta inakunyonya?"

"Nimekuja kukuomba ufe."

"Ala! Na urithi wenyewe hakuna. Utagombania hii stuli?"

Binti akacheka, kisha akaketi kwenye hiyo hiyo stuli na kueleza. Ile gemu ya zamani ilikuwa inatengenezwa upya, na kampuni iliyoichukua ndiyo iliyomwajiri. Wachoraji walikuwa wanairudia mstari kwa mstari, kwa sababu skrini za siku hizi hazifichi kitu. Kazi ya sauti, yote, alikuwa amekabidhiwa yeye. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukabidhiwa kazi nzima. Na sauti za zamani zilikuwa mbovu: ile friji ya stoo ilikuwa ikinguruma kila aliporekodiwa.

"Mkubwa wetu anataka sauti ile ile. Waliocheza zamani wanaijua kila kelele yako, Mjomba, wataona tumewaibia. Nisipompelekea mpya kufikia Ijumaa, atanunua sauti zilizokwisha kutengenezwa, na kazi yangu itakwenda kwa huyo anayeziuza." Akatazama chini. "Nimemwambia utakuja. Nimeahidi kwa niaba yako kabla sijakuuliza."

"Ulifanya sawa. Tangu lini mjomba anaulizwa?" Dereva akampigapiga begani. "Kufa ni kazi ninayoijua."

Zamu yake ilianza saa nane mchana, kwa hiyo Jumatano alikwenda mapema. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, vijana kumi na wawili wamekodolea macho skrini, na mwisho wa chumba kulikuwa na kijumba cha kurekodia chenye magodoro ukutani na dirisha la kioo. Mkubwa wao walimwita Kapteni, maana kila amri aliitoa kama meli inazama. Alimpokea Dereva kwa mikono miwili.

"Mzee wangu! Nikiwa darasa la sita nilikuua mara elfu!"

"Na mara elfu nikafufuka. Huna shabaha, mwanangu."

Chumba kizima kikacheka. Dereva akaingia kijumbani, akavaa hedifoni, mlango ukafungwa, na masikio yakajaa kimya kizito cha magodoro.

"Ya kwanza ni risasi ya kifua," sauti ya mpwa wake ikamfikia. "Ukiwa tayari."

Akapiga kelele. Ilitoka kama ya mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya barabara. Akarudia, ikawa mbaya zaidi. Mara ya tatu alifungua kinywa, akakifunga.

"Mjomba? Nikuletee maji?"

Akajaribu kumkumbuka yule kijana wa stoo, miguu yake ilivyokaa, kifua alivyokitanua. Walikuja watu wengine badala yake. Walikuja na mashuka yao, na dari zikipita juu yao.

"Mwanangu," akasema kwenye kipaza sauti, "watu hawafi hivi."

Binti akazima mashine, akaingia, akaketi sakafuni mbele yake.

"Wanakufaje?"

Dereva hakuwahi kuulizwa swali hilo, si na daktari wala na padri wala na shehe. Akavua hedifoni taratibu.

"Kimya. Wale wanaopiga kelele nawakimbiza nikijua tutafika. Mwenye kelele ana nguvu. Anayenyamaza ndiye ninayemwogopa. Lifti iliwahi kukwama na mama mmoja, akaniuliza kama dirisha la nyumbani kwake limefungwa. Nikamwambia limefungwa. Nilijuaje? Nilisema tu. Kulikuwa na baba mmoja, fundi chuma, mikono kama mapipa, akataka kujua viatu vyake viko wapi. Na kulikuwa na binti wa umri wako. Yeye alisema 'ngoja'. Basi. 'Ngoja', kama mtu aliyesahau kitu ndani."

Macho ya mpwa wake yakawaka, na tusimlaumu. Ndivyo macho ya fundi yanavyofanya.

"Sema hivyo hivyo, Mjomba. Sema 'ngoja' kama alivyosema. Hakuna gemu yoyote niliyowahi kusikia yenye kitu kama hicho."

"Hapana."

"Neno moja tu."

"Si langu. Nililipata kwa sababu hapakuwa na mwingine karibu. Nikilitia humo, kila mwenye kidole atamuua tena yule binti, kisha atabonyeza aanze upya."

Binti akainamisha kichwa, aibu ikampanda hadi masikioni. Kioo kikagongwa. Kapteni akachungulia.

"Kuna tatizo?"

"Sauti haitoki," Dereva akasema.

"Mzee, hao ni askari wa karatasi. Wa kuchorwa! Hakuna anayekufa hapa."

"Najua. Ndiyo maana yule kijana wa zamani aliweza. Alikuwa hajui kitu, hakumdanganya mtu. Mimi nikipiga kelele ile leo, nitakuwa nadanganya, na wewe utaisikia."

Kapteni akamtazama, kisha akatazama saa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tarehe ya mwisho tu, na tarehe ya mwisho humfanya mtu mwema awe na sauti ya polisi.

"Basi Ijumaa nanunua," akasema, akaenda zake.

Ndani ya kijumba wakabaki wawili. Dereva aliwahi kumpoteza mgonjwa mlangoni mwa upasuaji, hatua tatu tu zikiwa zimesalia, na alichokihisi sasa kilifanana na siku ile. Mtoto wa dada yake alimwomba kitu kimoja. Kimoja tu, tangu azaliwe.

"Nisikilizishe zile za zamani," akasema mwishowe.

Wakatoka wakaketi mezani. Binti akamvisha hedifoni, akaanza na ya kwanza. Dereva akamsikia kijana mwenye mapafu ya bati jipya akifa kwa moyo wake wote. Kwenye ya kumi na mbili, ile ya ngazi, alicheka kwa sauti. Kwenye ya kumi na tatu alijifuta macho kwa kiganja, na mpwa wake akajifanya anatafuta faili.

"Mbona mimi naisikia nzuri tu?"

"Kelele yenyewe ni nzima, inaifunika friji. Sikiliza mwishoni, inaposhuka. Umesikia? Mngurumo unatokea pale pale ulipoishiwa pumzi. Mkia ndio umeoza."

"Kila moja?"

"Zote arobaini."

Vidole vya Dereva vikatembea ukingoni mwa meza kama anatafuta breki.

"Kwa hiyo hukosi kelele."

"Nakosa..." Binti akageuka. "Nakosa mkia tu."

"Ile hewa inayotoka baadaye."

"Hiyo."

"Hiyo naijua," Dereva akasema. "Na haina mwenyewe. Wanayo wote, moja ile ile. Hata mimi na wewe tutaitoa."

Akarudi kijumbani. Aliomba kiti, lakini hakukikalia. Alikigeuza, akashika mgongo wake kwa mikono miwili, kama alivyoshika chuma cha kitanda kila siku ya kazi. Akafumba macho. Binti akaiwasha mashine.

Ilikuwa pumzi ndefu, ya kutoka tu. Haikuwa na uchungu wala igizo. Ilikuwa kama mtu aliyetua mzigo bila kutaka atambuliwe. Kisha kimya. Kisha, baada ya dakika nzima, nyingine. Baadhi zilikatika katikati. Moja ilitetemeka mwishoni, na baada ya hiyo alisimama muda mrefu huku kichwa kimeinama, na mpwa wake aliyejifunza chuoni kwamba kimya ni upotevu wa muda aliacha mashine iendelee kurekodi kimya kile. Saa mbili zikapita. Pumzi zilipotimia arobaini, Dereva akakirudisha kiti mahali pake, akaomba maji, akaenda kazini.

Alhamisi yote binti aliketi akikata na kuunga. Kila kelele ya zamani aliikata pale ilipoanza kushuka, kabla friji haijajitokeza, akaishonea pumzi mpya. Koo lilikuwa moja. Kati ya kelele na pumzi kulikuwa na zaidi ya miaka ishirini, na ilipochezwa mfululizo, mshono haukusikika.

Ijumaa asubuhi Dereva alikuja kusimama nyuma ya kiti cha mpwa wake. Kapteni akavaa hedifoni, akashika vidhibiti, gemu ikafunguka.

Mtaa wa wino ukamjia. Askari wa karatasi akachomoza pembeni. Kapteni akafyatua, na kelele ya darasa la sita ikamrudia nzima. Akatabasamu. Kisha pumzi ikafuata, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Akampiga wa pili. Wa tatu. Wa nne alimwacha akimbie hatua kadhaa kabla ya kumpiga. Halafu akaweka vidhibiti mezani.

"Ni yeye huyu?"

"Ni yeye, mwanzo na mwisho," binti akajibu. Mikono aliificha chini ya meza.

"Inaharibu raha." Kapteni akakuna kichwa. "Kidogo. Lakini inaharibu. Watu wanacheza wafurahi, jamani. Nitawaambia nini?"

Dereva akanyoosha mkono.

"Hebu niishike mimi. Sijawahi kuicheza."

Wakamwachia kiti na hedifoni. Alivishika vile vidhibiti kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu, hakujua kidole kipi kinafanya nini, na mikono ya wino kwenye skrini ikasimama tu katikati ya mtaa. Askari wa karatasi wakatokea watatu, wakamfyatulia. Skrini ikawa nyeupe. Hapakuwa na sauti yoyote.

"Mbona mimi sikusikika?"

"Mchezaji hakuwahi kuwekewa sauti, Mjomba. Akifa ni weupe tu. Tangu ile ya zamani."

Dereva akautazama weupe ule mpaka Kapteni naye akalazimika kuutazama.

"Hapo walipatia," akasema. "Wale vijana. Sijui kama walijua, ila hapo walipatia kabisa."

Kapteni akavuta hedifoni yake, akaivaa tena, akarudi mwanzo wa mtaa. Safari hii alicheza polepole, akisikiliza kila aliyeanguka mpaka mwisho wake. Alipomaliza mtaa mzima akaweka vidhibiti chini kwa uangalifu.

"Weka zote," akamwambia binti. "Arobaini. Na usiziguse tena. Wakilalamika, nitalalamikiwa mimi."

"Na zile za kununua?"

"Nani kasema tunanunua? Bado una sauti za nyayo na milango. Anza."

Binti hakushangilia. Alishika mkono wa mjomba wake chini ya meza, akaubana mara moja kwa nguvu, kisha akauachia na kufungua faili la nyayo. Dereva akaaga, akasimama kidogo mlangoni kuuangalia mgongo wa mtoto wa dada yake ulivyoinama juu ya kazi, halafu akashuka ngazi kuwahi zamu.