Mpunga Mrefu wa Dada

Juzi, kule Ntalikwa, bwana shamba aling'oa mche wa mpunga uliorefuka kuliko wenzake. "Huu unaumwa," akaniambia. "Una kuvu inayoujaza jiberelini, homoni ya kurefusha. Hautazaa, na utaambukiza mingine."

Harufu ya tope la mizizini mwake ikanirudisha utotoni. Mama alitugawia jaruba moja, upande wangu na upande wa dada Mwajuma. Kwake miche kadhaa iliipita mingine yote kimo, nikaamini Mungu anampendelea. Alasiri moja, vyura wakilia, niliing'oa yote mirefu, roho ikiniuma.

Dada akavuna kunizidi. "Mwajuma ana mkono wa baraka," mama akasema mbele ya majirani.

Kumbe nilimtibia mpunga wake. Sijamwambia mpaka leo. Nikimwambia atanishukuru, na hilo sitalivumilia.