Msimu Niliokaa Jikoni

Ilianza Jumapili, mwezi wa nane, saa mbili na dakika ishirini za usiku, hapa Doha, mtaa wa Al Sadd, orofa ya nne. Nilikuwa jikoni kwa jirani nikisuuza gilasi za chai, mara sebule nzima ikalipuka. Nilidhani ni gesi. Nikatoka mbio na mikono yangu ya povu, nikakuta wanaume wazima wamekumbatiana, na jirani yetu amepiga magoti kwenye zulia. Kumbe ni goli. Aliponiona mlangoni alinyamaza ghafla, akaninyooshea kidole.

"Wewe! Ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Basi rudi! Rudi jikoni, usitoke!"

Nilirudi nikilia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hata leo nikiwa na kumi na saba, mtu akiniinulia sauti machozi hutangulia jibu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu wiki jana mama na mimi tulipita Al Sadd tukakuta jumba letu la zamani limebomolewa. Limebaki vumbi, limezungushiwa mabati. Mama alipunguza mwendo, akaonyesha juu hewani, pale ambapo orofa ya nne ilikuwa. "Ona, hapo ndipo ulipokuwa ukifungia watu magoli." Akacheka. Mimi sikucheka sana.

Acha nikueleze vile tulivyoishi. Tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Mama ni nesi, na siku hizo shifti zake zilikuwa za jioni. Kwenye mlango uliotazamana na wetu aliishi yule jirani, injinia Mturuki aliyefanya kazi West Bay, pamoja na mama yake mzee. Huyo mzee nilimwita nyanya, naye aliniita "kızım", yaani binti yangu. Mama akiingia kazini, mimi nilivuka korido nikakaa kwa nyanya hadi mama arudi.

Injinia alijua Kiingereza, lakini mimi na nyanya hatukuwa na lugha tuliyosikizana, na ukweli ni kwamba hilo lilinifaa. Hakuna aliyenitaka niongee. Shuleni nilikuwa yule mtoto ambaye mwalimu husahau kumuuliza swali. Kwa nyanya nilijua kazi yangu: kukunja majani ya mzabibu yenye mchele ndani, kuchambua dengu za supu, kuosha zile gilasi ndogo nyembamba kiunoni. Jikoni kulinukia siagi na limau. Kulikuwa na birika mbili zimepandana, ya juu chai, ya chini maji, zikinong'onezana jioni nzima.

Sasa, Waturuki hawa mpira hawautazami hivi hivi. Timu yao ilikuwa ya Istanbul, ya njano na buluu, na kila mmoja alikuwa na mwiko wake. Aliyekuwa amekunja nne goli lilipoingia, asishushe mguu. Injinia alikuwa na soksi za mechi ambazo nyanya alikatazwa kuzifua, na nyanya akizipita alikuwa akifunga pua kwa kona ya kitambaa chake. Na kuanzia Jumapili ile, mwiko mkubwa kuliko yote ukawa mimi. Mechi ikianza, mtoto jikoni. Mlango urudishwe.

Sikuona mechi hata moja. Msimu mzima niliusikia kupitia ukutani. Kelele ndefu inayopanda halafu kukatika, hiyo ni nafasi imekoswa. Kofi ukutani, hilo ni goli letu. Kimya, halafu nyanya anasema "Allah, Allah", tumefungwa. Wakati mmoja nilibanwa nikaenda chooni, na nikiwa huko huko tukafungwa. Niliporudi nilimkuta injinia mlangoni pa jikoni ameshika kichwa.

"Binti, kwa nini?"

"Nilienda msalani."

"Dakika kumi tu zilibaki! Dakika kumi!"

Nyanya alimchapa na taulo ya vyombo. Lakini wiki iliyofuata, kabla ya mpira kuanza, nilikwenda msalani mara mbili bila kuambiwa.

Utashangaa nikikuambia kwamba nilikuwa na furaha. Tukishinda, nililetewa kipande cha kwanza cha mkate wa ufuta. Wenzake injinia wa kazini walipitia jikoni wakinipa mkono kama mchezaji. Watu wazima, wenye kazi zao, walikuwa wananihitaji. Sijui kama wewe ulishawahi kuwa mtoto ambaye hakuna anayemhitaji popote, halafu ghafla ukawa wewe ndiye nguzo ya timu.

Mama aligundua mwezi wa pili, ule wakati wa baridi ya sweta. Alitoka kazini mapema, akaja kunichukua, akanikuta peke yangu nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mlango umefungwa, na sebuleni watu wanakula. Alinishika mkono tukatoka. Tulipoingia kwetu ndipo alipogeuka. Sijawahi kumwona vile.

"Wewe, kwani umekuwa khadama, mtumishi wa ndani wa hawa watu?"

"Si hivyo mama. Ni bahati. Nikitoka wanafungwa."

"Bahati gani ya kufungiwa jikoni? Unajua ni wasichana wangapi wa kwetu wako jikoni za watu hapa Qatar, na hawawezi kutoka? Nalala masaa manne ili wewe usiingie huko. Halafu unaingia mwenyewe, bure!"

Sikuwa nimeliona hivyo. Lakini nilimwomba. Nililia, nikasema mechi zimebaki chache, nyanya ni mzuri, wataniona msaliti. Mama aliketi akavua viatu vyake vyeupe, akasugua nyayo. Mwishowe akasema, "Hadi mechi ya mwisho. Baada ya hapo, ukienda kule unakaa sebuleni kama mgeni. Hawataki, hauendi tena."

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Kama si mtoto wa bahati, wangenitakia nini?

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili pia. Hesabu ilikuwa hivi: tukishinda, kombe letu. Tukitoka sare, tuombe wale wa kijani waliotufuata kwenye jedwali, timu ya mji ambao haukuwahi kuchukua ubingwa, wasishinde kwenye uwanja wao. Nilikaa kwenye ndoo yangu. Kofi moja ukutani. Baadaye "Allah, Allah". Sasa ni bao moja kwa moja. Birika zilichemka hadi maji yakaisha na sikuthubutu kuinuka kuziongeza.

Halafu zikatokea kelele ambazo sikuwa na jina lake. Kipaza sauti cha uwanjani kilikuwa kimetangaza kwamba wale wa kijani wametoka sare. Mlango wa jikoni ulifunguka kwa kishindo, injinia akanibeba mabegani, analia, "Mabingwa! Binti, wewe umeleta kombe!" Nilitolewa jikoni juu juu, kichwa kikigonga fremu ya mlango. Kwa mara ya kwanza nikauona uwanja kwenye televisheni: watu maelfu wameingia uwanjani, wanabusu nyasi. Nyanya alikuwa akinirushia busu. Na mlangoni alikuwa amesimama mama, bado na sare yake ya kazi, amekuja kunichukua. Aliniona niko juu mabegani. Akatabasamu hadi meno ya nyuma.

"Sista, njoo uketi! Binti yako ni malkia!" injinia alimwambia. Niliwekwa kwenye kiti kikubwa, mama pembeni yangu.

Sijui ni nani aliyeona kwanza. Maandishi yalipita chini ya televisheni. Mmoja akasema "Hayır", hapana. Mwingine akapiga simu. Uwanjani watu bado walikuwa wakiimba, na pale sebuleni walikuwa tayari wanajua. Tangazo lilikuwa la uongo. Wale wa kijani walikuwa wameshinda. Kombe lilikuwa lao tangu mwanzo wa sherehe yetu.

Kimya kile sijawahi kukisikia tena. Hata kiyoyozi nadhani kilinyamaza.

Halafu rafiki mmoja wa injinia, aliyejifunga skafu kichwani, alinigeukia. Akasema kitu kwa Kituruki, akionyesha jikoni kwa kidevu. Neno la jikoni nililijua; ndilo nililoambiwa kuliko yote nyumba ile, na yaliyobaki nilikuwa nimeyaokota msimu mzima.

"Amesema nini?" mama akaniuliza.

Sikutaka kusema. Wote walikuwa wananitazama. "Anauliza ni nani alinitoa jikoni."

Mama alisimama. "Injinia, mwambie ni mimi. Na harudi huko tena."

Injinia ndiye aliyenitoa, sote tulijua. Lakini aliinamisha macho, hakumjibu mama, hakumjibu rafiki yake. Nyanya alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Tukatoka. Hakuna aliyetuaga.

Nilipolia kitandani mama alishangaa. "Unalilia mpira?" Sikuwa nalilia mpira. Nililia kwa sababu nilijua kwamba nimefukuzwa, na sikuwa na mahali pengine.

Leo sisi tunaishi Al Wakrah. Injinia alirudi kwao, na nyanya sijui kama yuko hai. Ile harufu ya siagi na limau nimeitafuta kwenye mikahawa yao yote, sijaipata. Ukuta niliousikilizia umekuwa vumbi, na hakuna anayejua kwamba nyuma yake alikaa mtoto. Bado nashtuka nikifikiria kwamba dakika zile chache, watu wote wale walikuwa mabingwa na hawakuwa.

Lakini asubuhi iliyofuata usiku ule wa mechi, kabla ya basi la shule, nilivaa sare nikavuka korido. Mama alibaki mlangoni kwetu akinitazama, kikombe mkononi. Nyanya alifungua, macho yamevimba. Kwa mazoea akasogea kando, njia ya jikoni ikawa wazi. Sikuingia huko. Nilipita hadi sebuleni nikaketi katikati ya kochi, begi langu mapajani. Nyanya akaenda jikoni mwenyewe, nikamsikia akiwasha jiko, akarudi na chai ya watu wawili.